Mtungi Mmoja kwa Darasa Zima

Watu wakiona mabango yangu hapa Sumbawanga huniuliza nani alinifundisha kuchora. Huwajibu kwamba nilijifundisha mwenyewe, na stashahada ninayo, iko ukutani kwangu ndani ya kioo. Jibu hilo ni la kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kila nikilitoa hasira hunipanda, kwa sababu alikuwepo mtu aliyeajiriwa anifundishe, nikakaa naye chumba kimoja miaka yote ya shule, na alichonifundisha ni mtungi.

Sisemi mitungi. Nasema mtungi. Mmoja.

Mwalimu wetu wa kuchora alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti zito la rangi ya majivu ambalo hakulivua hata jua lilipowaka, na kwa baridi ya uwanda wetu hakuna aliyemcheka. Aliingia darasani bila kumtazama mtu, akaandika tarehe pembeni mwa ubao, akachora mstari wima katikati, kisha mtungi. Nusu ya kushoto kwanza, ya kulia baadaye, na nusu hizo zililingana kama mapacha. Mkono alikuwa nao, siwezi kumnyima. Akimaliza aligeuka na kutuambia maneno ambayo kila aliyepita shule ile anaweza kukusomea hata akiamshwa usingizini: "Mnaona? Basi msione zaidi ya hapo."

Alikuwa na kigezo. Alikikata kwenye boksi la sabuni, umbo la mtungi uleule wa ubaoni, na kingo zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwa. Tulipomaliza kuchora alipita dawati kwa dawati akikilaza juu ya kazi zetu. Mstari wako ukijificha wote chini ya kigezo, umepata. Ukichungulia nje, umekosa, rudia. Yaani kwake kazi nzuri ilikuwa ile isiyoonekana kabisa. Nimesoma sanaa, nimekaa na walimu wenye majina, na sijakutana tena na mtu anayesahihisha picha kwa kuhakikisha haipo.

Dawati letu lilikuwa la watu watatu, na katikati aliketi Kabula. Baba yake alihamia kwetu na ng'ombe kutoka Usukumani, wakajenga upande wa Mollo, na Kabula alikuwa anachunga kabla hajajua kusoma. Siku moja, mtungi ukiwa ubaoni, yeye alichora ng'ombe. Hakumchora kwa ubavu kama vitabuni, amesimama kama meza. Alimchora kwa nyuma, jinsi mchungaji anavyomwona njia nzima ya kurudi nyumbani: mkia, mifupa ya nyonga, na kule mbele pembe mbili zikitokeza juu ya mgongo, moja imepinda. Nilijua papo hapo kwamba nimeona kitu. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini jicho nilizaliwa nalo.

Mwalimu akafika, akatazama kwa muda mrefu.

"Hiki nini?"

"Ng'ombe, Mwalimu. Yule wa kwetu mwenye pembe mbaya."

"Ubaoni kuna ng'ombe?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kuna mtu alikwambia uchague?"

"Hapana, Mwalimu."

Akalaza kigezo juu ya ng'ombe, akatoa mkasi mfukoni mwa koti, akakata kukifuata. Wala hakukata kwa ghadhabu. Alikata taratibu na vizuri, kama fundi cherehani mwenye kitambaa cha bibi harusi. Pembe zikaanguka chini ya dawati. Mkia ukaanguka. Kilichobaki alikiweka mbele ya Kabula: mtungi wenye ngozi ya ng'ombe.

"Sasa umepata," akasema, na akauwekea vema kwa kalamu nyekundu.

Darasa zima lilicheka. Kabula naye alicheka, kwa sababu ukichekwa na watu wote ni nafuu ujiunge nao. Lakini hakuchora tena kitu chake mwenyewe mpaka tukamaliza shule. Alichora mtungi, akapata, akachora mtungi, akapata.

Nitaeleza na upande wa Mwalimu, asije mtu akasema namwonea mzee.

Darasani walikuwepo watoto wa wenye maduka na mabasi pale mjini. Hao walikuja na penseli za rangi, boksi zima lenye picha ya tausi. Walikuwepo pia watoto wa wakulima waliokuja na kipande cha penseli kifupi kuliko jino, na wengine walikuja na mikono tu. Mwalimu alisimama mlangoni akakusanya zote. Za rangi alizifungia kabatini mpaka shule ifungwe. Za kawaida alizikata kwa wembe, akazichonga mwenyewe, akagawa vipande vya urefu mmoja. Aliyekuja mikono mitupu aliketi sawa na mtoto wa mwenye basi. Baba mmoja mwenye duka alikuja kulalamika, nasi tulisikia kila kitu dirishani.

"Mwalimu, mimi mwanangu nimemnunulia rangi. Mbona anachora kama yatima?"

"Huko dukani kwako ni tajiri, mzee wangu. Humu ndani ni mchora mtungi."

Kwa hilo watu humsifu hadi leo, na mimi ningemsifu kama angeishia hapo. Lakini angalia alivyofanya. Aliona wengine wana kumi na wengine hawana kitu, akaamua wote wabaki na kimoja. Hakufikiri hata siku moja kutoka nje na ndoo. Ardhi hii ya Ufipa ina udongo mwekundu, mweusi, wa manjano, ina ule mweupe ambao mama zetu hupakia kuta, na majivu yako kila jiko. Rangi zilikuwa zimelala nje ya mlango wake bure, na yeye amefungia zile za dukani kabatini akidhani amefunga zote.

Alikuwa mkali kwa mzazi kuliko kwa mtoto. Mzazi akimzuia mwanawe nyumbani ili afukuze ndege kwenye ulezi, Mwalimu alikwenda kwa miguu mpaka shambani, akamsalimia baba mtu kwa heshima zote, akamshika mtoto mkono akarudi naye. Hakuna aliyethubutu kumkatalia. Mmoja wa watoto hao leo ni daktari, na hutamka jina la Mwalimu kama la baba yake. Nami nakubali kwamba alitutoa mashambani, akatupigania, akahakikisha kila mmoja ana mahali pa kukaa. Halafu tulipokwisha kukaa, akatupa mtungi. Ni kama mtu akuvushe mto kwa mgongo wake, akufikishe ng'ambo, kisha akufunge kamba kwenye mti.

Sokoni sasa, umwone. Nilikuwa namwona kila Jumamosi, maana mama yangu alikuwa na meza pale. Mtu huyu alichagua nyanya moja moja. Aliinua, akaigeuza kwenye mwanga, akaibonyeza kwa kidole gumba, akairudisha, akaenda meza ya tatu, akarudi ya kwanza. Kina mama walimtania waziwazi.

"Mwalimu, unaoa au unapika mchuzi?"

"Nachagua, mama. Mwenyezi Mungu hakuziumba sawa."

Nilisimama nyuma ya meza ya mama nikayasikia hayo kwa masikio yangu. Nyanya alizipa haki ya kutofautiana. Sisi hatukufikia cheo cha nyanya.

Methali aliyoipenda ilikuwa ile ya mchagua jembe si mkulima. Aliitoa kila mtu alipoomba jambo: kukaa dirishani, kuchora kwa mkono wa kushoto, kuchora bibi yake. Mchagua jembe si mkulima, kaa chini. Sikujua kumjibu wakati ule; leo ninajua. Babu zetu waliyeyusha chuma katika nchi hii, wakafua majembe yao wenyewe, na hakuna Mfipa aliyewahi kuinua tuta kwa jembe lisilomkaa mkononi. Mkulima ndiye mchaguzi wa jembe. Asiyechagua ni kibarua.

Nilipofika chuoni Dar es Salaam, mwalimu wa siku ya kwanza alitugawia karatasi kubwa nyeupe akasema tuchore tunachotaka, kisha akatoka kwenda kunywa chai. Wenzangu walianza kama mbuzi waliofunguliwa. Mimi nilikaa. Nilikuwa nimeshapaka mabango njia nzima ya kufika mjini, nimejilipia safari na chumba kwa brashi, sikuwa mtu wa kuogopa karatasi. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka nini. Mwalimu huyo aliporudi alikuta nimechora mstari wa wima, na mtungi. Mshikaji mmoja wa Tanga akapiga makofi: "Jamani, huyu wa Sumbawanga kaja na chungu cha dawa, msimkaribie!" Mji wetu watu huusingizia uchawi, basi walicheka wiki nzima. Nami niliwanyoosha baadaye. Kazi yangu ya mwisho ilitundikwa ukumbini ya kwanza kutoka mlangoni, na yule wa Tanga alikuja kuniomba nimsaidie vivuli. Hata hivyo, miezi ile niliyoitumia kujifunza kutaka kitu, kabla sijajifunza kukichora, hiyo naidai kwa mtu mmoja tu, na nilirudi Sumbawanga nikiwa bado naidai.

Nilirudi kwa hiari yangu. Siku hizi ninachora mabango na kuchapa fulana, na nusu ya maandishi unayoyaona kwenye maduka mapya ni mkono wangu. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya zamani, mama mchapakazi, aliniomba nifundishe kuchora siku za Jumamosi. Nikamwambia, nipe chumba kilekile, na nitafundisha nitakavyo. Nikatoa madawati nikaweka meza. Moja ina udongo wa mfinyanzi, nyingine mkaa na rangi tulizochimba wenyewe, nyingine waya na magunzi, nyingine nyuzi za viroba vilivyochakaa. Mtoto akiingia anachagua meza, anachagua cha kufanya, na asipopenda anahama. Akiniuliza afanye nini, simjibu. Namuuliza ameona nini wiki hii.

Wakaanza kutoa mambo! Mmoja alisuka radi kwa nyuzi. Mwingine alitengeneza mama yake akiwa amelala, kwa magunzi, na ukimwona unajua amechoka. Kisha wazazi nao wakaanza. Mtoto amekwenda kuchora, karudi na magunzi? Huu ni mchezo, mbona mitihani haina magunzi? Maneno yakafika kamati ya shule. Mwalimu mkuu aliniita.

"Mwanangu, kamati inakaa Jumatatu ijayo. Wakisema mchezo, nirudishe madawati na chumba kifungwe Jumamosi. Sina namna."

"Nani atawaambia ni mchezo?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta maneno laini akayakosa. "Wamesema watamsikiliza mzee. Yeye ndiye aliyefundisha mle."

Nilimfuata kwanza Kabula. Siku hizi anauza maziwa na mtindi karibu na stendi, na banda lake ni mimi niliyelichora. Nilimwambia twende wote kwa mzee, yeye ni shahidi. Alikuwa anasuuza madumu, akacheka mpaka akayaweka chini.

"Mie niende kumdai ng'ombe wa karatasi? Wa kweli ninao arobaini, kaka."

"Alikukata, Kabula."

"Alinikata mie, mbona anayeugua wewe?" Akanimiminia mtindi. "Nenda. Lakini banda langu usije ukalichora mtungi kwa hasira."

Nikaenda peke yangu. Mwalimu anakaa Malangali, nyumba ya bati yenye mahindi mpaka ukutani. Nilimkuta amekaa sebuleni, koti mwilini, amepungua nyama lakini mgongo umenyooka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Sikuja kukaa."

"Basi simama, ila usinizibie mwanga."

Mkewe akatoka jikoni na birika na beseni. Nyuma yake niliona ugali wa ulezi unafuka, na maharage. Niliweka mikono nyuma. Kwetu ukinawa kwa mtu na kula chakula chake, huna tena ruhusa ya kumsema nyumbani mwake siku hiyo, na mimi nilikuwa nimekuja kumsema. Lakini kukataa maji ya mama mtu mzima nako ni tusi. Akabaki amesimama, birika limeinama, akaniuliza:

"Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

Mwalimu akacheka kwa pua. "Weka chini, mke wangu. Huyu amekuja na maneno, akila atayameza pamoja na maharage. Haya, kijana. Leo nakupa kuchagua. Ule, au useme."

"Nitasema."

Nikasema. Nilisema kigezo, nilisema kabati, nilisema ile karatasi nyeupe ya Dar es Salaam na kicheko cha wiki nzima. Nilisema ng'ombe wa Kabula, pembe zilivyoanguka chini ya dawati. Alisikiliza bila kupepesa, kisha akauliza:

"Kabula yupi?"

Niliona chumba kimekuwa chekundu kwa hasira. Hakukumbuka. Miaka yote nimebeba pembe zile, na yeye hakukumbuka.

"Nimekata karatasi nyingi," akasema. "Wewe unasema chagueni. Umeshajiuliza nani anachagua? Mwenye navyo. Wengine wanabaki kumtazama akichagua."

"Kwangu ni udongo na magunzi. Hakuna aliyenunua kitu."

"Hata hivyo. Mtoto ambaye hajaulizwa jambo tangu azaliwe, ukimwambia chagua, umempa adhabu. Mimi niliwaondolea adhabu hiyo."

"Na sisi ambao hatukuulizwa, Mwalimu, ni nani aliyekaa nasi miaka yote asituulize?"

Nje kuku walikuwa wanapekua mahindi makavu, na mkewe alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anafukuza kuku.

"Kamati imeniuliza kama ni mchezo," akasema mwishowe. "Siwezi kusema nisichokiona. Jumamosi nitakuja, nitakaa kama wanafunzi wako. Nikiona mchezo, nitasema mchezo."

Niliaga. Mama alinisindikiza mpaka mwisho wa mahindi, kama desturi, ila uso ameukunja. "Baba," akaniambia, "hata msibani watu hula."

Jumamosi alifika kabla ya kengele. Watoto wote wakasimama: "Shikamoo, Mwalimu!" Akaitikia, akapita meza kwa meza, mikono nyuma, kama zamani, ila sasa hakuwa na kitu cha kulaza juu ya kazi ya mtu. Watoto wakarudi kwenye shughuli zao. Kelele zikapanda. Yeye akasimama katikati ya chumba.

"Mimi nikae wapi?"

"Popote, Mwalimu."

Akaangalia meza ya udongo. Akaangalia ya waya. Alichukua hatua kwenda kwenye nyuzi, akageuka. Watoto walikuwa wakimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Mwishowe akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, ili wasisikie:

"Niambie nifanye nini, mwanangu."

Dirishani alikuwa amesimama mwalimu mkuu. Alinikodolea macho, na nilielewa vizuri sana anachosema: mwambie! Mpe lolote, mzee aridhike, Jumatatu chumba ni chako. Lilikuwa neno moja tu. Chora nyumba. Finyanga kuku.

"Chochote, Mwalimu," nikasema. "Chagua."

Sitadanganya kwamba nililisema kwa upole kama ninavyowaambia watoto.

Aliketi meza ya mkaa. Binti mdogo aliyekuwa anachora kando yake akamsogezea karatasi nyeupe. Mwalimu akashika kipande cha mkaa. Mkono ulinyanyuka, mkono uleule niliouonea wivu utoto wangu wote, ukakaa hewani, ukashuka bila kugusa. Ukanyanyuka tena. Binti akamtazama, akaona huruma.

"Babu, karatasi haing'ati."

"Naiona inang'ata," Mwalimu akasema, na hakuwa anatania.

Kengele ilipolia watoto walitoka mbio na kazi zao. Yeye alinyanyuka polepole, akapangusa vidole kwenye koti. Karatasi yake ilikuwa nyeupe, isipokuwa alama ya kidole gumba pale alipoishikia. Alipita mbele yangu, akatoka. Mwalimu mkuu aliingia akaniambia, kwa hasira ya mtu anayekupenda, kwamba kiburi changu kimewafukuza watoto wa watu.

Jumatatu kamati ilikaa. Mimi nilikuwa kiti cha mlangoni. Wazazi wawili walisema magunzi, mitihani, mchezo. Mwenyekiti akageuka. "Mzee wetu, umekiona. Ni mchezo au si mchezo?"

Mwalimu alisimama, akashika mgongo wa kiti.

"Nilikaa mle asubuhi nzima, na sikuweza," akasema. "Mchezo ningeuweza. Mwacheni."

Akaketi. Hakuna aliyeuliza la pili. Walizoea kwamba akisema amesema. Chumba kikabaki changu.

Nje nilimsubiri. Nilifikiri sasa ataomba radhi, kama si kwangu, basi hata kwa Kabula. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akafunga kifungo cha juu cha koti, akashika njia ya Malangali. Basi. Sijamsamehe, na kumshukuru sikumshukuru. Ameniachia chumba kilichopaswa kuwa wazi tangu mimi na Kabula tukiwa ndani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema kufungua. Nilimkuta Mwalimu amesimama barazani, mikono mfukoni, upepo unampiga. Nikafungua mlango, akaingia nyuma yangu, akasimama katikati ya meza. Sikumwambia afanye nini.